Ampea 49 Zisizopatikana: Kusoma Datashiti Mpaka Kwenye Tanbihi

Datashiti (hati ya vipimo ya mtengenezaji) ya mosfeti ya IRFZ44N, swichi ya kielektroniki, inakukaribisha kwa namba tatu za herufi nene: volti 55, 17.5 mΩ, ampea 49. Mwenye mota ya volti 12 inayokula ampea 20 anaiona hiyo 49, anajiambia ana akiba zaidi ya mara mbili, analehemu, anawasha. Haupiti muda ganda linaanza kunuka. Kidogo tena, dreini na sosi, miguu miwili inayopitisha mkondo, zimeshikana na mota haizimiki hata ukiondoa umeme kwenye geti, mguu wa kuiwasha. Hapo lawama huwa mbili: datashiti ni ya uongo, au kipuri ni feki. Mara nyingi si hili wala lile. Kipuri ni halali na 49 ni namba sahihi, ila inajibu swali ambalo mwenye mota hakuliuliza.

Swali lenyewe limeandikwa pembeni, kwenye safu ya masharti, kwa herufi ndogo: TC = 25°C. Hiyo C ya chini ni ganda, si hewa ya chumbani. Maana yake ampea 49 zinapita wakati mgongo wa mosfeti umeshikiliwa kwenye nyuzi 25 na kitu kinachomeza joto lote bila chenyewe kupata moto. Hitisinki (kipande cha chuma cha kupoza) ya namna hiyo haiuzwi popote. Chukua kalamu uone namba ilivyozaliwa. Kiini cha silikoni kinaruhusiwa kufika nyuzi 175. Kati ya kiini na ganda kuna upinzani wa joto wa nyuzi kama 1.6 kwa kila wati. Tofauti ya nyuzi 150 ukiigawa kwa 1.6 unapata wati 94, nazo zimo kwenye jedwali. Ile 17.5 mΩ, upinzani wa mosfeti ikiwa imewashwa, ni ya kiini kilicho nyuzi 25. Kikifika 175 upinzani umepanda mara mbili na ushee, tuseme 39 mΩ. Sasa mkondo mara mkondo mara upinzani: 49 × 49 × 0.039 = 93.6. Namba imetoka kwenye kikokotoo.

Kwa kazi ya kweli, anzia kwenye upinzani wa joto kati ya kiini na hewa bila hitisinki: nyuzi 62 kwa kila wati. Chukua boksi ambalo hewa yake ya ndani ni nyuzi 50, na uamue kwamba kiini kisizidi 125 ili kipuri kidumu. Nyuzi 75 gawa kwa 62 ni wati 1.2. Kwenye nyuzi 125 mosfeti ina kama 30 mΩ. 1.2 gawa kwa 0.03 ni 40, na kipeuo cha pili cha 40 ni 6.3. Ampea sita, basi. Hiyo ndiyo IRFZ44N iliyosimama peke yake kwenye bodi. Zile ampea 20 za mota zingezalisha wati 12. Nyuzi 75 gawa kwa 12 ni 6.25, toa 1.6 ya ndani na kama 0.5 ya pasta na karatasi ya kuhami, unabakiwa na hitisinki isiyozidi nyuzi 4 kwa wati. Ni kipande cha alumini cha kushika mkononi, na bila hicho mota ile ilikuwa na haki ya kuunguza.

Na hesabu yote hiyo imechukulia kwamba geti ina volti 10. Hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi, hasa kwa wanaoendesha mosfeti kwa mikrokontrola. Mtu anasoma mstari wa volti ya kizingiti, anaona 2 hadi 4, anahitimisha kwamba volti 5 zinatosha kuiwasha. Soma sharti la mstari huohuo: kizingiti kinapimwa mkondo ukiwa 250 µA. Robo ya miliampea. Volti ya kizingiti inakuambia mosfeti inaanza kuvuja lini; inapofunguka kabisa ni habari nyingine. Kufunguka kunasemwa na mstari wa upinzani, na kwa IRFZ44N mstari huo una sharti moja tu, VGS = 10 V, yaani volti 10 kati ya geti na sosi. Kwa volti 5 mtengenezaji hajaahidi kitu. Moja inaweza kufanya kazi vizuri mezani kwako, na ya pili kutoka kwenye mfuko uleule ikawaka moto, na zote mbili zinatimiza datashiti. Anayetaka volti 5 atafute IRLZ44N: humo utakuta 25 mΩ kwa volti 5 na 35 mΩ kwa volti 4, yaani kuna ahadi. Kwa volti 3.3 hata hiyo haina mstari wake. Kanuni ni nyepesi: kama volti ya geti yako haimo kwenye masharti ya mstari wa upinzani, kipuri hicho si chako.

Jambo moja zaidi kuhusu mosfeti kabla sijaiacha. Wati 94 si ruhusa ya kuifanya mosfeti iwe rezista. Wanaotengeneza mzigo bandia wa kupimia betri huiweka katikati, nusu imefunguka nusu imefungwa, volti 30 na ampea 2, wanaona wati 60 ni chini ya 94 na hitisinki ni kubwa. Mosfeti za kuswichi zikikaa hapo joto hukusanyika sehemu moja ya silikoni, sehemu hiyo ikipata moto inavuta mkondo zaidi, na inatoboka. Angalia grafu ya eneo salama la kufanyia kazi: mistari yake ina majina kama 10 µs, 1 ms, 10 ms. Ukikosa mstari ulioandikwa DC, ujue kazi ya mfululizo haimo kwenye mkataba. Na hata ukiwemo, datashiti nyingine zimeuchora kwa hesabu ya joto tu, bila kuujaribu.

Ukurasa wa kwanza

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye datashiti hata kizuri kinajitembeza. Ukurasa wa kwanza ni tangazo. Ahadi ziko kwenye jedwali la tabia za umeme, na mpaka wa ahadi uko kwenye tanbihi za chini yake. Mimi ningemshauri yeyote aanze na tanbihi, apande kwenye masharti, ndipo aangalie namba.

Ndani ya jedwali kuna safu tatu: Min, Typ, Max. Typ haina mdhamini. Ni thamani ya kipuri cha wastani, kwa kawaida kwenye nyuzi 25, na mtengenezaji akikuletea shehena nzima ambayo kila kipuri kiko kwenye ukingo wa Max, huna pa kumshtaki. Mahali ambapo Typ ipo na Max ina kistari, hakuna aliyekuahidi lolote. Ukikuta maneno yanayosema thamani imehakikishwa kwa usanifu na haipimwi kiwandani, hiyo nayo ni nusu ahadi.

Mfano mtamu ni wa LM317, regyuleta ya volti za kurekebishwa, kwa sababu hapo mchoro na jedwali vinapingana ndani ya hati moja. Mchoro maarufu unaweka rezista ya 240 Ω kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha. Volti 1.25 juu ya 240 Ω ni 5.2 mA. Nenda kwenye mstari wa mkondo mdogo kabisa wa mzigo: Typ 3.5 mA, Max 10 mA. Yaani wapo LM317 halali ambao wanahitaji 10 mA ili washike volti zao, na mchoro unawapa nusu. Rezista ya 240 Ω inamfaa ndugu yake wa daraja la juu, LM117, ambaye Max yake ni 5 mA. Mchoro ni mmoja kwa ndugu wote. Dalili yake ni hii: bila mzigo volti zinapanda juu ya ulizopanga, ukichomeka mzigo zinarudi mahali pake, nawe unahangaika kuzungusha potenshiometa isiyo na kosa. Weka 120 Ω, upate 10.4 mA, na punguza rezista ya pili kwa nusu.

Jedwali jingine linalosomwa kinyume ni la mipaka ya mwisho. Namba zake ni za kifo. Mikrokontrola ya ATmega328P imeandikiwa 40 mA kwa kila mguu, na michoro mingi inachukua 40 hiyo kama posho. Volti za mguu zimepimwa na kuahidiwa kwa 20 mA, na jumla ya mkondo wa miguu ya VCC na GND ni 200 mA. LED kumi za 20 mA zimeshaifikia bila kuacha hata miliampea moja ya chipu yenyewe. Chipu hiyohiyo ina rejeo la ndani, volti ya kulinganishia inapopima, linaloitwa volti 1.1, na jedwali linasema ni kati ya 1.0 na 1.2. Ukilitumia kusoma seli ya lithiamu yenye volti 3.7, kosa linaweza kufika karibu theluthi moja ya volti, ambayo ni tofauti ya betri iliyojaa na iliyofika nusu. Dawa yake ni rahisi: washa rejeo la ndani, pima mguu wa AREF kwa multimita nzuri, na uandike thamani ya chipu hiyo kwenye EEPROM, kumbukumbu yake isiyofutika umeme ukikatika. Rejeo halitangitangi sana likishajulikana. Tatizo ni kwamba kila chipu ina lake.

Kuhusu 7805, regyuleta ya volti 5, na ampea zake moja au moja na nusu, hesabu umeshaijua. Bila hitisinki ni nyuzi kama 65 kwa wati. Kiini 125, hewa 40, unapata wati 1.3. Ukiilisha volti 12 inabeba volti 7 mgongoni, kwa hiyo ni 186 mA tu.

Kapasita ya 10 µF yenye 4 µF

Kama ningeambiwa nichague namba moja inayopotosha watu wengi kimyakimya, ingekuwa hii. Mosfeti ikidanganya unaona moshi. Kapasita ya seramiki inakuacha na regyuleta inayoyumba mara moja kwa siku, mikrokontrola inayojizima redio ikiwaka, na hakuna kilichoungua cha kukuonyesha mkosaji.

Watu husoma X7R wakidhani ni cheti cha ubora. Herufi hizo zinasema mambo matatu tu: X ni nyuzi −55 upande wa chini, 7 ni nyuzi 125 upande wa juu, R ni kwamba thamani haitatoka nje ya asilimia 15 ndani ya joto hilo. X5R ni hivyohivyo, ila inaishia nyuzi 85. Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82, nami sioni sababu ya kuinunua. Katika herufi hizo zote hakuna hata moja inayotaja volti. Kihami cha ndani cha kapasita hizi hugoma kadiri volti ya DC inavyopanda: 10 µF ya ganda dogo la 0603, iliyoandikwa volti 6.3, ikiwekwa kwenye reli ya volti 5 mara nyingi hubaki na chini ya nusu. Haijaharibika. Asilimia 15 imeheshimiwa, kwa sababu ilipimwa bila DC yoyote, kwa wimbi dogo la 1 kHz.

Ndiyo maana multimita haikusaidii. Ukiipima nje ya bodi inasoma 9.8 µF nawe unaridhika. Mita nayo imepima bila DC.

Kipimo kinachosema ukweli kinahitaji rezista ya 10 kΩ, kitufe, chanzo cha volti 5 na osiloskopu. Funga rezista sambamba na kapasita, na kitufe kati ya chanzo na kapasita. Weka probu ya ×10 juu ya kapasita. 10 MΩ zake ni kubwa mno kuweza kuharibu hesabu ya 10 kΩ. Bonyeza, kapasita ijae, achia. Mstari unaanza kushuka. Usipime muda wa kushuka hadi sifuri. Pima muda wa kushuka asilimia 10 kutoka mahali unapotaka kujua. Muda huo ni 0.105 × R × C. Kapasita ya 10 µF kweli itachukua 10.5 ms kutoka volti 4.5 hadi 4.05. Ikichukua 4.2 ms, una 4 µF. Halafu, kwenye mstari huohuo, sogeza mistari ya kupimia ya osiloskopu hadi volti 1.0 na 0.9: utaona muda umerefuka ukielekea zile 10.5 ms. Kapasita moja, kushuka kumoja, na unaiona thamani ikirudi taratibu kadiri volti zinavyoondoka. Kwa kapasita ya C0G, seramiki ya kihami cha aina nyingine, muda ni uleule juu na chini.

Mambo mawili huwapotosha watu hapa. La kwanza, kapasita iliyotoka kulehemiwa inasoma juu kuliko itakavyosoma wiki ijayo, kwa sababu joto la lehemu hurudisha saa ya uzee wake nyuma. Iache siku moja. Uzee huo wa X7R ni karibu asilimia 2.5 kila muda unapozidi mara kumi, na X5R huwa mbaya zaidi. La pili, dawa ya haraka: mtu ananunua ya volti 25 badala ya 6.3 katika ganda lilelile na kudhani amepona. Mara nyingi hajapona. Kinachoamua zaidi ni ujazo wa kihami, yaani ukubwa wa ganda. Ya 1206 itamshinda 0603 hata kama volti zilizoandikwa ni zilezile. Grafu ya kushuka kwa thamani kwa DC watengenezaji wakubwa wanayo, lakini mara nyingi iko kwenye programu yao ya kuchagua vipuri na haimo kwenye PDF unayopakua. Kwa saa na vichujio tumia C0G au filamu. Kwa reli ya umeme, weka mbili sambamba au ongeza ya polima kando.

Ukiongeza, angalia regyuleta inavumilia nini. Regyuleta ya LM1117 imeandikiwa kwamba kapasita ya kutoa iwe na upinzani wa ndani kati ya 0.3 Ω na 22 Ω, maana ilisanifiwa enzi za tantalamu. Seramiki ina milioomu chache. Ukiiweka, regyuleta inaweza kuimba, yaani volti zake kupanda na kushuka kwa kasi, na multimita itakuonyesha volti 3.3 safi kwa sababu inapima wastani. Dawa ni tantalamu, au rezista ya 0.47 Ω mfululizo na seramiki. Mkanganyiko unazidi kwa kuwa namba 1117 inatengenezwa na viwanda vingi na si vyote vyenye sharti moja. Datashiti ya mwenye kiwanda A haimsemei B, hata tarakimu zote nne zikifanana.

Zinazopita haraka

Kapasita ya elektroliti ya saa 2000 kwa nyuzi 105: mwisho wa saa hizo kwa kawaida unamaanisha thamani imehama zaidi ya asilimia 20 au upotevu wake wa ndani umeongezeka maradufu. Saketi yako inaweza kufa mapema zaidi ikiwa ilikuwa imebanwa. Kila nyuzi 10 chini huongeza umri mara mbili, kwa hiyo kwenye nyuzi 65 ni saa 32,000, karibu miaka mitatu na miezi minane ya kuwaka bila kuzimwa.

Zena: 1N4733A ni volti 5.1 kwa 49 mA. Ukiiwekea 1 mA kuokoa betri, upinzani wake wa ndani unapanda kutoka 7 Ω kuelekea mamia, na volti zinashuka chini ya 5. BZX55 ya volti 5.1 imepimwa kwa 5 mA. Majina yote mawili yanasema 5.1.

Dayodi ya 1N5819: uvujaji 1 mA kwa nyuzi 25, 10 mA kwa nyuzi 100, kwenye volti zake zote 40. Kumi mara arobaini ni wati 0.4 za joto kutoka kwenye kipuri kinachodhaniwa kimefunga, na joto hilo linaongeza uvujaji. Ndiyo maana inaweza kujiua yenyewe kwenye boksi lisilo na hewa.

Opampu (kikuza volti) ya LM358 kwa volti 5: haipandi juu ya kama 3.5, na ikitakiwa kumeza mkondo zaidi ya takriban 50 µA inagoma kushuka chini ya kama volti 0.6. Rezista kutoka kwenye mguu wa kutoa hadi ardhini humsaidia kushuka. Zile opampu zinazosifiwa kufika reli hadi reli hufika hadi miliVolti chache kwa mzigo wa 10 kΩ. Mpe 600 Ω uone.

Koili: mkondo wa kushiba kiwanda kimoja huupima thamani ikishuka asilimia 10, kingine asilimia 30. Kwa koili ileile, namba ya pili inaonekana bora.

PC817, kipuri kinachopitisha ishara kwa mwanga wa LED ya ndani: uwiano wa mkondo ni kati ya asilimia 50 na 600 ikiwa hukuchagua herufi. Herufi C ni 200 hadi 400, na hizo ni kwa 5 mA kwenye LED yake. Kwa 1 mA, usiitegemee.

Pale datashiti inapokosea kweli

Mpaka hapa nimekuwa nikiitetea. Zipo sehemu ambazo haiteteeki.

Miguu, kwanza. Transista ya PN2222A ukiitazama upande bapa ni emita, beisi, kolekta. P2N2222A, herufi moja zaidi, ni kolekta, beisi, emita. Wauzaji huzichanganya kwenye ukurasa mmoja na kuweka PDF moja kwa zote. Ubaya wake ni kwamba transista iliyogeuzwa haifi papo hapo. Inafanya kazi kwa ukuzaji mdogo sana, LED inawaka hafifu, relei inavuta kwa kusitasita. Halafu ukiipa volti 12 mpaka wa emita na beisi, ambao ni karibu volti 6, unavunjika. Hakikisha kabla ya kulehemu: weka multimita kwenye dayodi, probu nyekundu kwenye beisi ya NPN, gusa miguu mingine miwili. Yenye volti kubwa kidogo ndiyo emita. Tofauti ni miliVolti chache, kwa hiyo usikishike kipuri kwa vidole ukakipasha joto. Mita yenye tundu la hFE ni bora zaidi: upande sahihi unasoma mamia, upande wa kinyume unasoma chache tu.

78L05 ndogo nayo ina miguu iliyopinduka ukilinganisha na 7805 kubwa: kutoa, ardhi, kuingiza. TL431 na TL432 ni kitu kimoja ndani, ila miguu ya ganda la SOT-23 imebadilishana. Na michoro ya ganda: mingine imechorwa kwa kutazama kutoka chini bila kusema kwa sauti. Chapa bodi yako kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, chomeka kipuri juu ya karatasi, hesabu mguu wa 1 kwa kidole. Hii inachukua dakika tano na inaokoa bodi nzima.

Pili, makosa ya chipu yenyewe. Hayo huandikwa kwenye hati ya makosa, na mara nyingi hiyo ni faili tofauti ambayo hakuna anayekuletea. Mikrokontrola ya RP2350 ilipotoka Agosti 2024, datashiti ilisema miguu yake ina rezista ya ndani ya kuvutia chini. Ikaja kuonekana kwamba kwenye toleo A2 mguu wa kuingiza ukishapanda na kuachiwa unaweza kukwama karibu na volti 2.2, rezista ya ndani ikashindwa kuushusha. Kosa hilo linaitwa E9, na dawa iliyotolewa ni rezista ya nje ya 8.2 kΩ au pungufu. Aliyesanifu kwa kusoma mwili wa datashiti pekee alikuwa na vitufe vinavyojibonyeza. Mtangulizi wake RP2040 ana ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ya biti 12 kwenye tangazo. Ndani, biti zenye maana ni kama 8.7, na kuna sehemu nne ambapo hatua zinarukwa: karibu na 512, 1536, 2560 na 3584. Tafuta hati ya makosa kabla ya kuchora saketi, kisha ulinganishe na herufi za toleo zilizochapwa mgongoni mwa chipu iliyo mkononi mwako.

Tatu, datashiti sahihi ya kipuri ambacho huna. Regyuleta ya LM2596 inatakiwa kupiga kHz 150. Kwenye moduli za bei ya chini kuna chipu zilizoandikwa jina hilo zinazopiga karibu kHz 50, na ukiipa volti 12 ikakupa 5 hutagundua chochote. Gusa mguu wa 2 kwa probu ya osiloskopu, ipe moduli mzigo wa nusu ampea, uhesabu muda wa mzunguko mmoja. Mikrosekunde 6 au 7, ni sawa. Ukiona kama 20, basi koili ya 33 µH iliyo kando yake inapokea mkondo unaopanda na kushuka mara tatu ya ilivyokusudiwa. Itashiba mapema, na zile ampea 3 za ukurasa wa kwanza hazipo. Ama ubadilishe koili iwe ya 100 µH, ama uitumie moduli hiyo kwa ampea moja na uandike hivyo juu yake kwa kalamu ya wino.